Je, Wajua? Mwingereza aliyepewa Mombasa, London ikaikataa

Je, wajua kwamba bendera ya Uingereza iliyopepea juu ya Ngome ya Yesu, Mombasa, Februari 1824, haikuletwa na Mwingereza yeyote? Wamombasa waliitengeneza wenyewe. Mazrui waliokuwa wakitawala mji walikuwa wamebanwa na meli za Sayyid Said wa Oman. Desemba 1823 walimwomba Alexander Vidal, nahodha wa manowari Barracouta, awape bendera na ulinzi. Vidal akakataa, akasema hana amri hiyo, akatweka matanga akaenda zake. Basi wakakaa chini wakajitengenezea ya kwao, wakaipandisha ngomeni, wakasubiri. Meli za Sayyid zikabaki zinatazama kutoka baharini, maana kuipiga mizinga bendera ile, hata kama ilishonwa uani kwa mtu, kulikuwa na gharama yake.

Je, wajua ni nani aliyetokea tarehe 7 Februari na kuikuta ikipepea? Ni mkubwa wake Vidal, Kapteni William Fitzwilliam Owen wa manowari Leven, mtu wa karibu miaka 50 aliyekuwa ametumwa kupima bahari, siyo kutwaa nchi. Siku mbili baadaye, tarehe 9, mkataba ulikuwa umetiwa saini.

Safu hii huandikiwa Gerezani, Dar es Salaam, ambako bandari ni mwendo wa miguu na nyundo za mafundi vyuma hazinyamazi mpaka magharibi. Wiki hii tunamkalia kitako huyu Owen, ofisa wa Jeshi la Wanamaji aliyezaliwa karne ya 18, akafa mbunge mstaafu ng'ambo ya Atlantiki, na katikati ya hayo akaigusa pwani yetu kwa namna ambayo wengi wetu hatukufundishwa darasani.

Je, wajua kwamba mkataba wa Mombasa ulikuwa na masharti machache tu, lakini mazito? Uingereza iirudishie Mombasa milki zake za zamani, yaani Pemba na mwambao kutoka Malindi mpaka Pangani. Utawala ubaki kwa Mazrui, baba kwa mwana. Mwakilishi wa Uingereza akae mjini. Ushuru wa forodha ugawanywe nusu kwa nusu. Waingereza waruhusiwe kufanya biashara na bara. Na biashara ya watumwa ikome. Mwulize mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo ataje ni sharti gani hapo lingevunja ndoa. Hatafika la mwisho. Atasimama kwenye nusu kwa nusu.

Na Pemba je? Pemba ndiyo iliyokuwa ikiilisha Mombasa mchele, na watu wa Sayyid walikuwa wameichukua miaka michache tu kabla. Kwa Mazrui, mkataba wote ulikuwa Pemba. Owen akampakia melini Mbaruk bin Ahmed, mmoja wa wakubwa wa ukoo huo, wakaenda kisiwani kumwambia liwali wa Sayyid aondoke. Liwali hakuondoka. Owen hakuwa na ruhusa ya kumpiga mzinga, hivyo wakageuza meli. Mbaruk hakukata tamaa, akasafiri mpaka Mauritius kumweleza gavana wa huko, Sir Lowry Cole, shauri lake. Hakurudi na Pemba.

Je, wajua kwamba kabla ya kufika Mombasa, Owen alipitia kwanza Muscat akamwambia Sayyid Said ana kwa ana anachotaka kufanya? Ilikuwa mwishoni mwa 1823. Alimwambia kuwa Mombasa wakiomba ulinzi wa Uingereza, yeye atawapa, na nia yake ni kukomesha biashara ya watumwa. Sayyid alijibu kwa adabu zote za kifalme, kisha akaandika barua Bombay kushitaki. Kati ya wote wanaotajwa humu, huyu ndiye mwanasiasa hasa. Owen alibaki na vikosi, hati na mihuri. Sayyid alibaki na subira na wino.

Je, wajua kwamba Owen alizaliwa nje ya ndoa, mjini Manchester, Septemba 1774? Baba yake, naye Kapteni William Owen, alikuwa ofisa wa wanamaji mwenye mkono mmoja. Wa kulia aliupoteza vitani katika bahari ya India. Alifariki Madras mwaka 1778, mwanawe akiwa hajatimiza miaka minne. Mtoto akalelewa chini ya uangalizi wa rafiki wa baba, Sir Thomas Rich, na mwaka 1788, akiwa na miaka 13, akaingizwa melini. Umri huo kwetu ni wa mtoto wa darasa la saba.

Wajua alifungwa? Mwaka 1808 Wafaransa walimkamata katika Bahari ya Hindi wakamweka Mauritius mpaka 1810. Huko alikutana na mfungwa mwenzake mashuhuri, Matthew Flinders, yule aliyeizunguka Australia kwa meli na kuchora mwambao wake. Wakawa marafiki. Watu wawili wanaopima bahari, wamefungiwa kisiwani, wanaitazama bahari ileile kila asubuhi! Alipoachiliwa, Owen alishiriki kupanga meli za kubeba askari waliokwenda kuiteka Mauritius mwaka huohuo. Kifungo kilikuwa kimemfundisha kisiwa.

Mwaka 1811 yuko Java, Batavia inapotekwa. Mwaka 1815 yuko kwenye Maziwa Makuu ya Kanada, anapima kina cha maji baridi. Mwaka 1821 anakabidhiwa Leven na kuambiwa: kapime Afrika.

Je, wajua walipimaje? Kwa kamba na risasi. Baharia alisimama ubavuni mwa mashua, akarusha bildi mbele, kamba ikakimbia mpaka risasi iguse chini, akasoma alama na kutaja pima: tano, nne na nusu, tatu. Pima moja ni kama mita 1.8. Chini ya ile risasi palikuwa na tundu lililojazwa mafuta mgando ya ng'ombe; ilipopandishwa, mafuta yalikuwa yamenasa mchanga, tope, au vipande vya matumbawe, na karani akaandika hata hilo, kwa sababu nahodha anayetafuta pa kutia nanga anataka kujua kama nanga itashika. Halafu wanasogea kidogo, wanarusha tena. Kutwa nzima, juani, maili kwa maili. Meli kubwa hazikuweza kuingia kwenye mito na vijito, hivyo kazi ya huko ilifanywa na mashua, na mabaharia walilala humohumo, katikati ya mikoko.

Mikoko na mbu, unajua mwenyewe. Je, wajua kwamba Owen aliporudi Uingereza mwaka 1826, zaidi ya nusu ya watu aliotoka nao walikuwa wamekufa kwa maradhi ya nchi za joto? Alirudi na ramani mpya karibu 300 na mwambao wa maili 30,000 ukiwa umechorwa. Nahodha wa kwanza wa Barracouta, William Cutfield, alikufa kwa homa. Ndipo Vidal akashika nafasi yake. Matabibu wa wakati ule waliamini homa inaletwa na hewa mbaya itokayo kwenye tope, na dawa zao za kawaida zilikuwa kumtoa mgonjwa damu na kumpa chumvi ya zebaki. Mbu alikuja kugunduliwa kuwa ndiye mwenye kosa mwaka 1897, na Ronald Ross, kule India. Kwa hiyo vijana wale walikuwa wanauawa mara mbili, na mbu kwanza, na daktari baadaye.

Ukitaka kuona ramani ile imeacha nini, kipo kipengele kimoja karibu na sisi. Kaskazini ya Unguja, mbele ya Nungwi, kuna mwamba chini ya maji unaojulikana kwa wazamiaji na wavuvi wa samaki wakubwa. Jina lake kwenye ramani ni Leven Bank.

Na Dar es Salaam? Wakati Leven inapita mlango huu wa bahari, mji haukuwepo. Hakukuwa na Gerezani, wala Kariakoo, wala reli. Sultani Majid, mwana wa yule Sayyid Said aliyeandika barua Bombay, alikuja kuanza kujenga hapa miaka ya 1860. Bandari yetu ambayo leo foleni ya malori yake inafika mpaka usingizini mwetu ilikuwa mkono wa bahari na vijiji.

Je, wajua kwamba hospitali na kitongoji cha Port Reitz, Mombasa, vinabeba jina la kijana aliyeitawala Mombasa kwa chini ya miezi minne? Luteni John James Reitz ndiye Owen aliyemwacha kuwa mwakilishi, pamoja na mwanafunzi wa uofisa mmoja, askari wachache na bendera, safari hii bendera ya dukani. Reitz alitaka kuona mipaka ya mkataba kwa macho yake, akafunga safari kuelekea Pangani mwezi Mei. Mei, ndugu msomaji! Katikati ya masika, mito imejaa, njia ni matope, na mbu wako harusini. Mwenyeji gani alimwacha aondoke? Homa ikamshika njiani, akafa tarehe 29 Mei 1824. Ghuba iliyopewa jina lake bado ipo, na ndege zinazotua Mombasa hupita juu yake.

Baada yake, kwa majuma kadhaa, mamlaka yote ya Uingereza katika Mombasa yalikuwa mikononi mwa yule mwanafunzi wa uofisa, George Phillips. Mwanafunzi!

Agosti akaja Luteni James Emery, na huyu ndiye aliyekaa. Alikaa mpaka Julai 1826, akiandika shajara ambayo mpaka leo imetunzwa kwenye Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya Uingereza. Ni kazi ambayo mimi nisingeitaka hata kwa mshahara wa sasa. Wafanyabiashara walikuwa hawataki kutoa ushuru wa kugawana. Wazee wa Mazrui walikuwa wakimwuliza Pemba iko wapi. Meli za kumletea mahitaji zilikuja zilipotaka. Juu ya yote hayo, serikali yake mwenyewe ilikuwa haijasema kama inamtambua.

Wajua English Point, ng'ambo ya Mji wa Kale, ambako siku hizi kuna hoteli na gati la boti za starehe? Jina limebaki kutoka siku hizohizo: ndiko Waingereza walikowaweka watu waliokombolewa utumwani, wakawapa ardhi ya kulima. Na Mji wa Kale wenyewe una nyumba ya Leven House, na ngazi za kuteremkia majini ziitwazo Leven, vyote vikiwa kumbukumbu ya manowari ile ile.

Je, wajua kwamba hawakuwa Mombasa peke yao? Owen alipopita Barawa, wazee wa mji huo wa Benadir nao waliomba bendera, naye akawapa. Kila mji uliokuwa ukimwogopa Sayyid uliona hapo upenyo. Vitabu vingi vya Kiingereza vimeisimulia habari hii kana kwamba Owen alikuwa akigawa ulinzi kwa watu waliopigwa na butwaa. Ukiisoma kutoka upande wa huku, unaona watu waliojua hesabu zao vizuri: huyu Mzungu ana mizinga, anachukia utumwa, ana haraka, mkubwa wake yuko mbali. Mtumieni.

Naye je, aliwatumiaje? Owen aliamini kwa moyo wake wote kwamba Mungu ndiye aliyeiandaa Afrika Mashariki iwe chini ya Uingereza, na hakuona haya kuandika hivyo kwenye barua za kikazi. Kuchukia kwake utumwa kulikuwa kwa kweli. Aliona majahazi yenye shehena ya binadamu kwa macho yake. Lakini katika kichwa chake kufuta utumwa na kutawala vilikuwa jambo moja. Wapo waliokuja nyuma yake, miaka 60 baadaye, wakiwa na wazo hilohilo na bunduki nyingi zaidi, na hao serikali zao haziku­wakataza.

Kwa nini basi London ilikataa? Hesabu za wakubwa. Tangu 1798 Kampuni ya Waingereza ya India ilikuwa na mkataba na watawala wa Muscat, wa kuwazuia Wafaransa. Sayyid Said alikuwa rafiki yao katika Ghuba, na njia ya kwenda India ilikuwa na thamani kuliko Mombasa kumi. Gavana wa Bombay, Mountstuart Elphinstone, hakulipenda shauri la Owen tangu mwanzo. Barua zikatoka Mombasa kwenda Mauritius, Bombay, London, zikarudi. Kila mzunguko ukala miezi. Mwaka 1826 jibu likakomaa: hapana. Julai 1826 manowari Helicon ikaja kumchukua Emery, bendera ikateremshwa. Ulinzi ule ulidumu karibu miaka miwili na nusu.

Je, wajua kilichofuata? Januari 1828 Sayyid Said alikuja mwenyewe Mombasa akiongoza meli zake, akaingia ngomeni, akaacha kikosi humo. Alipoondoka Mazrui wakakizingira kikosi kwa njaa mpaka kikatoka. Wakapigana naye tena na tena. Mwaka 1837, baada ya ukoo wenyewe kugawanyika, ngome ikaangukia mikononi mwake kwa jumla, na wakubwa wa Mazrui wakakamatwa wakapelekwa uhamishoni Ghuba ya Uajemi, wasirudi. Vita hivyo ndivyo vilivyompa Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa, sehemu ya mashairi yake makali. Wakati Emery anaandika shajara kwa Kiingereza katika mji uleule, Muyaka alikuwa akitunga kwa Kiswahili. Na ukiniuliza ni nani kati yao aliyeuelewa mji, sitachukua muda kukujibu.

Kidogo kuhusu meli aliyojia Sayyid. Iliitwa Liverpool, ya mizinga 74, iliyoundwa Bombay na kushushwa majini 1826. Je, wajua ilikoishia? Mwaka 1836 Sayyid aliitoa zawadi kwa Mfalme William IV wa Uingereza. Waingereza wakaipa jina la Imaum, wakaipeleka Jamaika. Manowari iliyoipiga Mombasa ikamaliza umri wake imefungwa gatini Port Royal. Naye Sayyid akaletewa mashua ya fahari, Prince Regent. Nasema tena: mwanasiasa ni huyu.

Wajua Ngome ya Yesu ilikuwa gereza? Waingereza walipoirudia Mombasa kwa nguvu mwaka 1895, safari hii bila kuombwa, waligeuza ngome kuwa jela, ikabaki hivyo mpaka 1958.

Turudi kwa Owen, ambaye hakukaa kulia. Je, wajua kwamba mji wa Malabo, katika Guinea ya Ikweta, aliuanzisha yeye? Oktoba 1827 alitua katika kisiwa cha Fernando Po, leo Bioko, akiwa na manowari Eden, kuanzisha kituo cha kupambana na meli za watumwa za Afrika Magharibi. Akakiita Clarence. Homa ikafanya ileile ya mashariki. Na hapo pia alikuwa amejenga juu ya ardhi ya mwingine, kwa sababu kisiwa kilikuwa cha Hispania kwa mkataba. Uingereza ikakinunua? Ilijaribu, haikufanikiwa, ikaondoka.

Kusini nako alikuwa ameacha shauri. Mwaka 1823, akipima Ghuba ya Delagoa, ilipo Maputo leo, alipata hati kutoka kwa watawala wa kienyeji za kuikabidhi ardhi yao kwa Uingereza. Wareno wakapiga kelele. Kesi ililala makabatini miaka 50, kisha ikapelekwa kwa Rais MacMahon wa Ufaransa aamue, naye mwaka 1875 akawapa Wareno. Laiti angeamua vingine, jirani zetu wa Maputo wangekuwa wanaongea Kiingereza.

Ukihesabu: Delagoa ilikataliwa, Mombasa ikakataliwa, Fernando Po ikaachwa. Mtu huyu alikuwa fundi wa kupima bahari, na ramani zake zilitumika vizazi baada yake. Kwenye nchi kavu kila alichokishika kiliponyoka.

Isipokuwa pahala pamoja. Je, wajua kwamba familia yake ilimiliki kisiwa kizima? Ni Campobello, New Brunswick, Kanada, ambacho baba yake mwenye mkono mmoja alipewa hati yake mwaka 1767. Owen alihamia huko mwaka 1835, umri umepita 60, na hatimaye akawa mwenye kisiwa. Wapangaji wake walikuwa wavuvi. Yeye alikuwa hakimu, alikuwa msomaji wa ibada ya Jumapili, na alikuwa na hisa katika kampuni ya mashine za mbao, ya 1839, iliyochapisha hata noti zake za fedha. Inasimuliwa kwamba alijijengea ufukweni sakafu ya mbao mfano wa sitaha, akaweka mizinga miwili, na jioni akawa anatembea juu yake huku na huku amevaa sare.

Na ubunge? Mwaka 1837 wapiga kura wa jimbo la Charlotte walimpeleka kwenye Baraza la Wawakilishi la New Brunswick. Miaka ya 1840 akateuliwa kwenye Baraza la Kutunga Sheria, la juu. Siasa hatimaye ilimkubali, katika wilaya ambayo sehemu yake alikuwa akiimiliki kwa hati! Wagombea wetu wa serikali za mitaa wanaolalamikia gharama za kampeni, njia ndiyo hiyo.

Umri haukumzuia kazi. Mwaka 1843, akikaribia 70, alikabidhiwa meli ya mvuke Columbia akapime Ghuba ya Fundy, ambako maji hupanda na kushuka kuliko popote duniani, mpaka mita 16. Hapa kwetu bamvua kubwa ni kama mita nne tu, na tayari Kigamboni wanalalamika. Aliimaliza 1847, mwaka aliopandishwa cheo kuwa admirali wa daraja la tatu. Alifariki Saint John, New Brunswick, Novemba 1857, akazikwa kisiwani.

Je, wajua kaka yake? Edward Owen, aliyezaliwa hukohuko Campobello mwaka 1771, alikuwa admirali na mbunge wa Sandwich, Uingereza, kuanzia 1826 mpaka 1829, kisha akawa mkuu wa manowari zote za Uingereza katika Bahari ya Hindi. Mtoto wa pili alipima, mtoto wa kwanza aliamuru.

Familia iliuza kisiwa mwaka 1881 kwa matajiri wa Kimarekani. Mmoja wa waliokuja kununua kiwanja ni James Roosevelt, na ni katika nyumba ya mapumziko ya Campobello, Agosti 1921, mwanawe Franklin alipoamka hawezi kusimama. Alikuja kuwa rais wa Marekani akiwa hivyo.

Sasa ya harakaharaka kuhusu wenzake Owen waliopita pwani hii.

Wajua kwamba nahodha Mwingereza James Lancaster alikaa Unguja tangu Novemba 1591 mpaka Februari 1592, zaidi ya miaka 200 kabla ya Owen?

Wajua Admirali John Blankett? Alitumwa Bahari ya Shamu kumzuia Napoleon, akapandisha pwani ya Afrika Mashariki mwezi Januari 1799, uso kwa uso na kaskazi. Alihangaika, maji na chakula vikamwishia, akarudi Unguja mwezi Februari kuomba mahitaji. Nahodha yeyote wa jahazi wa Malindi angemwambia, bure, kwamba kaskazi ni ya kuteremka.

Wajua Kapteni Fairfax Moresby? Septemba 1822 alimtilisha Sayyid Said saini ya mkataba uliokataza kuwauzia Wakristo watumwa, akachora mstari baharini kutoka Rasi Delgado mpaka Diu, India. Upande wa magharibi wa mstari biashara iliendelea kama kawaida. Owen aliuona mkataba huo kuwa mzaha, na hapo ninamuunga mkono. Port Moresby, mji mkuu wa Papua Guinea Mpya, ulipewa jina hilo na mwanawe Moresby.

Na je, wajua kwamba Owen hakuweza kuongea na mtu yeyote pwani bila mkalimani? Alikuwa naye mmoja hodari, Khamis bin Uthman, mwenyeji wa pwani, mwenye lugha nyingi na habari nyingi za bara. Khamis alijua misafara, alijua bei, alijua nani amegombana na nani. Miaka ya 1830 alifika London mwenyewe. Huko mwanajiografia William Desborough Cooley, mtu ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, akamkalisha na kumhoji kuhusu ziwa kubwa lililoko bara. Mwaka 1845 Cooley alichapisha makala yake juu ya ziwa hilo la Nyasa katika jarida la Chama cha Kifalme cha Jiografia, akashikilia kwamba Nyasa na Tanganyika ni ziwa moja refu. Livingstone alifika Nyasa mwaka 1859, akatangazwa kuwa mgunduzi wake, miaka zaidi ya 20 baada ya Khamis kulieleza London akiwa ameketi kwenye kiti.